UZI: Mtoto anayeelekea masomo ya sanaa apangiwe tangu Kidato cha Kwanza, na asiruhusiwe kuitupa Hesabu

MwalimuPwani

Wakuu, heshima mbele.

Matokeo ya Kidato cha Nne yakishatoka tu, simu yangu haipumziki. "Ticha, dogo kapata Divisheni ya Tatu, tumpeleke kombi gani?" Swali zuri, ila limechelewa miaka miwili. Kombi, yale masomo matatu ya Kidato cha Tano na cha Sita, haichaguliwi siku ya matokeo, siku hiyo mnasoma tu alichokwisha kujichagulia mwenyewe bila kujua.

Nafundisha Historia na Jiografia sekondari huku Temeke, na jioni nina kikundi cha tuisheni. Ninachokiona kila mwaka ni hiki: mtoto wa sayansi anapangiwa. Atanunuliwa vitabu, atatafutiwa mwalimu wa Fizikia, ataulizwa maendeleo. Wa sanaa anaachiwa upepo. "Huyu si wa kusoma sana, ataenda sanaa." Halafu tunashangaa anakwama.

Tuanze na kanuni, maana wengi wanaisikia kwa majirani. Kwenda Kidato cha Tano serikalini, kwa kawaida mtoto anatakiwa awe na angalau C katika masomo matatu ya kombi yake. C ya Kidato cha Nne inaanzia alama 45, B 65, A 75. D inaanzia 30, inaitwa kufaulu lakini haikupandishi kwenye kombi. Kwa hiyo mwenye Historia B, Jiografia B na Kiingereza D hana HGL, hana HKL. Kiingereza kimemfungia milango miwili kwa mkupuo.

Kombi zilizozoeleka upande wetu mnazijua: HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza), HGK (Historia, Jiografia, Kiswahili), HKL (Historia, Kiswahili, Kiingereza), HGE ambayo ndani yake kuna Uchumi, na EGM yenye Uchumi, Jiografia na Hesabu kamili. Mwaka 2024 serikali ikatangaza tahasusi mpya (ndizo hizo kombi) na orodha nzima ikafika 65, zikiwemo za lugha, biashara, sanaa, michezo na elimu ya dini. Wazazi wakachanganyikiwa. Ushauri wangu kwenye hilo ni mfupi: kabla ya kuvutiwa na herufi mpya, uliza shule zipi zinaifundisha na kozi zipi za chuo zinaipokea. Herufi nzuri zisizo na mwalimu ni hasara ya miaka miwili.

Sasa hoja yangu yenyewe, na najua nitapigwa mawe: masomo mawili yanayoamua hatima ya mtoto wa sanaa si Historia wala Jiografia. Ni Kiingereza cha kuandika, na Hesabu.

Naendelea chini, nimalizie kusahihisha kwanza.

BabaWawili

Nimekaa paleee, nasubiri. Lakini Hesabu tena ticha? Si ndiyo wanayoikimbia mpaka wakafika sanaa?

Jembe_la_Tandika

Sanaa haina ajira, mnapoteza muda. Mpelekeni VETA akasome ufundi.

MwalimuPwani

@Jembe_la_Tandika VETA sina ugomvi nayo, na mtaala mpya wenyewe umeleta mkondo wa amali kuanzia Kidato cha Kwanza. Anayeutaka aende kwa moyo mweupe. Uzi huu ni wa ambaye hautaki.

@BabaWawili ndiyo, Hesabu. Ngoja nikupeleke darasani.

Jiografia ya Kidato cha Tatu na cha Nne ina usomaji wa ramani. Mtoto anapewa ramani ya kipimo cha 1:50,000. Maana yake sentimita 2 kwenye karatasi ni kilomita 1 ardhini, na kila mraba wa sentimita 2 kwa 2 ni kilomita moja ya mraba. Anaambiwa akadirie eneo la ziwa: ahesabu miraba kamili, ahesabu ile iliyokatwa, aigawe kwa mbili, ajumlishe. Kisha anaulizwa mteremko. Kilele kipo mita 300 juu ya bonde, na umbali kwenye ramani ni sentimita 9. Sentimita 9 ni kilomita 4.5, yaani mita 4,500. Gawa 300 kwa 4,500, unapata moja kwa kumi na tano.

Hii ni hesabu ya shule ya msingi. Lakini niwaambie ninachokiona: aliyejiambia tangu Kidato cha Pili kwamba "mimi na Hesabu basi" akifika hapo anaweka kalamu chini. Si kwamba hawezi kugawa, ameshajizoesha kuruka kila penye namba. Anaacha swali la ramani, anaacha takwimu, anaacha duara la asilimia kwa sababu kuna 360, anaacha upimaji ardhi wa mnyororo na futi. Alama zinazookotwa kirahisi kuliko zote kwenye mtihani wa Jiografia zinabaki mezani. Halafu anakuja na D ya Jiografia, nyumbani wanasema mwalimu hafundishi.

Hapo bado hatujafika chuo. Kozi za uchumi, uhasibu, benki, takwimu, mipango miji, nyingi zikimkuta mwombaji aliyetoka kombi isiyo na Hesabu zinageuka kuangalia Hesabu yake ya Kidato cha Nne. Na wa HGE hata A-level, yaani cha Tano na cha Sita, haachani nayo, ana BAM, ile Hesabu ndogo. Kwa hiyo simwambii mtoto wa sanaa apate A. Namwambia D ya uhakika, C akijaliwa. F ndiyo inayouma.

MamaNasra

Shikamoo mwalimu. Binti yangu yuko Kidato cha Pili hapa Mbagala. Historia anaipenda mno, anatusimulia Vita vya Majimaji mpaka mezani. Lakini mitihani anapata 38, 41. Anasoma, namuona anasoma. Tatizo ni nini?

MwalimuPwani

@MamaNasra marahaba mama. Bila kuona karatasi yake sina uhakika, ila naweza kubashiri kwa kiasi kikubwa: anajua, hawezi kuandika anachojua kwa Kiingereza.

Watoto wetu wametoka darasa la saba kwa Kiswahili, wanapewa wiki chache za kuzoeshwa lugha, kisha wanadumbukizwa kwenye Historia nzima kwa Kiingereza. Wanajiokoa kwa kukariri. Mwulize kwa nini Waingereza walitawala kupitia machifu, ataandika: upungufu wa fedha, upungufu wa watumishi, ukubwa wa eneo. Nukta. Hoja tatu sahihi, alama kiduchu, kwa sababu ni vichwa vya habari visivyo na habari.

Mtahini anataka hoja ibebwe. Upungufu wa watumishi: eleza kwamba maofisa wa Kizungu walikuwa wachache kwa nchi kubwa, kwamba kaskazini mwa Nigeria mtawala wa Kiingereza Lugard aliwakuta maamiri wenye mahakama na ukusanyaji kodi tayari akaona ni nafuu kuwatumia, na kwamba Tanganyika gavana Cameron aliufuata utaratibu huohuo kuanzia 1925, sheria ya mamlaka za wenyeji ikaja 1926. Sentensi tatu, nne. Hoja, sababu, mfano wenye mahali na mwaka.

Fanya hivi nyumbani: akisimulia mezani, mwache amalize kwa Kiswahili. Kisha mwambie aandike hoja moja tu kati ya alizosimulia, kwa Kiingereza, mistari mitano. Moja kwa siku inatosha. Usimsahihishe sarufi kama huna uhakika nayo, angalia tu kama kuna "kwa sababu" na kama kuna mfano. Kiingereza atakisahihisha mwalimu wa Kiingereza shuleni, mpelekee daftari, wengi hufurahi wakiona mtoto anayeandika bila kulazimishwa.

MamaNasra

Ahsante sana mwalimu. Na hii Historia ya Tanzania na Maadili wanayosoma kwa Kiswahili, haimchanganyi?

MwalimuPwani

Inamsaidia, mama. Hilo somo lilikuja na mtaala mpya ulioanza 2024, linafundishwa kwa Kiswahili, kwa hiyo mtoto anapata nafasi ya kulielewa jambo kwanza kwa lugha anayoiota. Akishaelewa Majimaji 1905 mpaka 1907 kwa Kiswahili, kazi ya Kiingereza inabaki ya lugha peke yake. Kosa ni kulichukulia kama somo la mteremko.

Mdau_HKL

Naomba nipinge kidogo. Nimesoma HKL, nikasoma elimu pale chuo cha DUCE Chang'ombe, leo nafundisha Kiswahili na kazi za tafsiri napata pembeni. Hesabu nilipata F na sijafa. Mnawatisha watoto. Kuna mtoto kipaji chake ni lugha, ukimkamua Hesabu miaka minne unamuua Kiingereza na Kiswahili ambavyo angepata A.

MwalimuPwani

@Mdau_HKL hoja yako ina uzito, naikubali kwa mtoto mmoja: yule ambaye lugha zake mbili zinaonekana wazi ni A au B, na anajua anakwenda kwenye ualimu wa lugha, uandishi wa habari, tafsiri, sheria. Huyo aipe Hesabu muda mdogo.

Tatizo mtoto wa miaka 14 hajui anakokwenda. Wewe ulijua? Kidato cha Pili anataka kuwa mwanasheria, cha Nne anataka benki, cha Sita kasikia mipango miji ya Chuo Kikuu Ardhi. Sisi kazi yetu ni kutomfungia mlango akiwa bado anachungulia.

Mdau_HKL

Haya, hapo tumeelewana. Ila andika pia kwamba HKL si kombi ya waliofeli. Fasihi ukiifanyia mzaha inakuumbua.

BabaWawili

Ticha tupangie mwaka kwa mwaka basi, tuliochelewa kuelewa tuelewe.

MwalimuPwani

Haya, ila sitaigawa sawasawa, miaka yenyewe haina uzito sawa.

Kidato cha Kwanza: kusoma Kiingereza kila siku, chochote, hata gazeti la jana. Hesabu isiwe na pengo, maana mada za mwanzo ndizo zinazorudi kwenye ramani na takwimu. Kingine muache acheze.

Kidato cha Pili kuna Upimaji wa Taifa, asiyefikisha anakariri darasa. Lakini umuhimu wake mkubwa ni mwingine: ni kioo. Chukua matokeo yale, weka mezani, tafuta masomo matatu yenye nafasi ya kufika C kwa uhakika na mawili ya akiba. Hiyo ndiyo siku ya kuchagua kombi, si miaka miwili baadaye. Hapa pia ndipo shule nyingi huwaruhusu watoto kuacha Fizikia na Kemia. Anayeziacha aziache kwa mpango, muda uliopatikana uende kwenye insha na Hesabu. Nimeona watoto wanaacha masomo mawili na muda wote ule unaishia kwenye simu.

Kidato cha Tatu ndio mwaka mzito, na ndio wazazi wanaoulalia. Historia inaingia ukoloni wenyewe: Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, mifumo ya utawala, uchumi wa kikoloni. Jiografia inaleta ramani, picha, takwimu, upimaji. Aliyelala Kidato cha Tatu hana cha kurudia Kidato cha Nne, atakuwa anasoma upya huku wenzake wanafanya moko, mitihani ya majaribio.

Na sisi wa Dar tuna bahati tunayoichezea. Makumbusho ya Taifa yako Mtaa wa Shaaban Robert, nenda na mtoto akaone habari za Zinjanthropus, lile fuvu lililopatikana Olduvai 1959. Mpitishe kwenye Sanamu ya Askari iliyosimamishwa 1927, mwambie Kariakoo jina lake limetokana na wapagazi wa jeshi la Waingereza, kisha Vita vya Kwanza akivikuta kwenye kitabu ana pa kuvishika. Jiografia ndiyo usiseme. Bonde la Msimbazi pale Jangwani ni somo zima la mafuriko, Kunduchi bahari inakula ufukwe, Pugu kuna udongo wa kaolini. Bagamoyo ni safari ya kwenda na kurudi siku moja: ilikuwa makao makuu ya Wajerumani mpaka 1891 walipohamia hapa kwetu. Mtoto aliyeona hivyo hakosi mfano kwenye insha, na mfano ndio unaotenganisha C na B.

Kidato cha Nne: mitihani iliyopita, kwa saa, na ripoti za NECTA (Baraza la Mitihani) za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Hizi zipo bure kwenye tovuti yao, zinaonyesha majibu mazuri na mabovu ya watahiniwa wenyewe yakiwa na mwandiko wao. Sijui kwa nini watu wananunua "maswali ya kubashiri" Kariakoo wakati hazina hii haina bei.

A-level nitasema kidogo tu. Alama zinapanda: A inaanzia 80, C inaanzia 60, E 40. Historia ina karatasi mbili, na ya pili inakutoa Afrika inakupeleka Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789, kuungana kwa Ujerumani 1871, mdororo wa 1929. Mtoto aliyezoea kukariri anazama muhula wa kwanza. Kwa chuo kikuu hesabu inageuka, A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na kiwango cha chini cha kuingia shahada ni masomo mawili yenye jumla ya pointi 4. Hicho ni cha chini. Kozi zenye ushindani zinataka zaidi, fungua kitabu cha mwongozo cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) usome kozi kwa kozi, tena ukifungue mtoto akiwa Kidato cha Tatu.

Kijana_wa_Buza

Shikamooni wakubwa. Mimi matokeo yametoka: Historia B, Kiswahili B, Jiografia C, Uraia C, Kiingereza D, Biolojia D, Hesabu F. Pointi 23, Divisheni ya Tatu. Wakati wa kujaza fomu shuleni niliweka HGL chaguo la kwanza kwa sababu nataka kuwa mwanadiplomasia. Je, nina nafasi?

MwalimuPwani

@Kijana_wa_Buza marahaba mdogo wangu. HGL haipo, Kiingereza D imeikata. Usiiache kwenye mfumo wa mtandaoni wa kuchagua kombi ukisubiri muujiza, utapangiwa usichokitaka au ukose kabisa. Ulichonacho ni HGK: B, C, B. Hiyo ni kombi safi, Jiografia tu ndiyo uiongezee nguvu.

Ndoto yako haijafa. Chuo cha Diplomasia kipo Kurasini, hakipo mbali na Buza, siku moja nenda kaulize sifa za kila ngazi ukiwa na karatasi yako mkononi. Lakini diplomasia bila Kiingereza ni kazi ngumu, kwa hiyo HGK yako isiwe sababu ya kukiacha.

Hesabu na Kiingereza unaweza kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mtihani wa Kidato cha Nne ni Novemba. Wewe utaanza cha Tano Julai na kumaliza cha Sita Mei, kwa hiyo katikati una Novemba mbili. Ile ya kwanza ni bora, ya pili utakuwa umebanwa na maandalizi ya cha Sita. Ongea mapema na mkuu wa shule, wengine hawapendi mwanafunzi atoke toke.

Jembe_la_Tandika

Dogo F ya Hesabu na unataka diplomasia 😂

Mdau_HKL

@Jembe_la_Tandika acha hizo. Dogo, mimi nitakusaidia Kiingereza Jumamosi bila malipo kama unaweza kufika Chang'ombe. Hesabu usiniulize.

BabaWawili

Ticha, na huyu wangu wa EGM? Hesabu ana C, Jiografia B, Uchumi hajawahi kuusoma.

MwalimuPwani

@BabaWawili Uchumi anakutana nao cha Tano, asiogope, wote wanaanza sifuri. Cha kuogopa ni Hesabu ya A-level, si mwendelezo wa ile aliyoizoea, ni mlima mwingine. C ya 46 na C ya 63 zinaandikwa herufi moja. Mwulize alama za moko zake zilikuwa ngapi. Kama ni za kuchungulia, HGE inampeleka sehemu nyingi zilezile akiwa na BAM badala ya Hesabu kamili.

BabaWawili

Moko 52, nyingine 49.

MwalimuPwani

Basi HGE, kama Historia anayo C.

BabaWawili

Anayo. Shida mama yake ameshawaambia ukoo mzima kuwa ni EGM 😅

Kijana_wa_Buza

Nashukuru sana wakubwa. Nimeingia kwenye mfumo sasa hivi, nimeweka HGK ya kwanza. Mdau_HKL nimekutumia ujumbe pembeni. Jumamosi saa ngapi?